Kifungo cha Shaba: Je, Historia ya Askari na Jamaa Zao Ni ya Nani?

Swali ninalokusudia kulileta mbele yenu halikuzaliwa vitabuni. Lilizaliwa barazani kwa bibi mmoja wa hapa Nyakabanda, jijini Kigali, ambaye mjukuu wake ni mwanafunzi wangu wa Kiswahili. Siku moja kijana yule aliniletea salamu kwamba bibi yake ananiita. Nilipofika nilimkuta ameketi mkekani, na mbele yake pana kijisanduku cha bati. Baada ya maamkizi akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kalamu. Mimi macho yamechoka, na watoto hawa hawana nafasi. Niandikie habari za babu yangu kabla sijaondoka nazo." Akafungua kijisanduku, akatoa kifungo kimoja cha shaba kilichosuguliwa na vidole vya vizazi vitatu hata alama zake zikafutika. Hicho ndicho kilikuwa cheti chote cha babu yake, askari wa Wadachi.

Kwa siku mbili tuliandika bila ya tatizo. Siku ya tatu akanisimulia habari za nyanya yake, mke wa yule askari, kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Hilo la mwisho usiliandike, mwanangu. Andika kwamba alimwoa." Nikafunga daftari, nikarudi nyumbani, na usiku ule sikupata usingizi. Haya ninayoyaeleza leo nayaeleza kwa idhini yake na bila ya jina lake. Lakini idhini hiyo ilikuja baadaye, na njia iliyotufikisha huko ndiyo makala haya.

Kwanza tukumbushane jambo ambalo walimu wa Kiswahili wa Rwanda tunalijua ingawa hatupendi kulitaja darasani. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Wadachi, mtu aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mtawala. Hakuja peke yake. Alikuwa na askari, na askari walikuwa na wake, watoto na watumishi; nyuma yao wakaja wafanya biashara, makarani na wapagazi kutoka Tabora, Ujiji, Bukoba na pwani. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama, wala dini zao hazikuwa moja walipoanza safari. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha kambini. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kidachi, lakini chumvi iliombwa kwa Kiswahili, mtoto alibembelezwa kwa Kiswahili, na maiti alizikwa kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu cha dua. Mwaka 1913 msikiti wa kwanza ukajengwa. Wabelgiji walipokuja kutawala waliwatenga watu hawa katika kambi yao, na baadaye makao yao yakawa Biryogo. Na mji ulipokua, watoto wao na wajukuu wao wakapanda na kutelemka vilima hivi vya Nyamirambo na Nyakabanda. Kwa miaka mingi neno "Mswahili" katika nchi hii halikuwa na maana ya mtu wa mwambao. Lilikuwa na maana ya Mwislamu, mtu wa kambi, mtu asiyekuwa na shamba.

Basi mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa kuwa moja ya lugha rasmi za Rwanda, tulisikia hotuba nyingi juu ya umoja wa Afrika Mashariki. Sikumsikia hata mmoja aliyetaja viatu vya askari. Nami silaumu; sherehe si mahali pa kukumbusha kiboko. Lakini mwalimu hana budi kujua maji anayoyanywa yalipita wapi.

Sasa swali lenyewe. Je, ni wajibu kuitunza historia ya askari waliotumikia dola iliyokuwa ikionea, pamoja na historia ya jamaa zao? Na kama ni wajibu, ni wajibu wa nani, na mwenye haki ya kusema lipi liandikwe na lipi liachwe ni nani?

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulizungumza naye habari hii kwa siku kadhaa, alinijibu bila ya kupepesa macho. "Hao walikuwa vibaraka. Waliuza nguvu zao kwa mabeberu, wakachoma vijiji vya ndugu zao. Acha wasahaulike." Hoja yake si ya kupuuzwa. Tunaposomesha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, wanafunzi wetu humchukia askari kabla hata hajasikika. Na wana sababu. Vita vya Maji Maji vya miaka 1905 hadi 1907 vilimalizwa kwa kuteketeza vyakula. Mashamba yalichomwa, maghala yakamwagwa, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Makadirio ya waliokufa hayapungui watu 75,000, na yapo yanayofika 250,000 na kupindukia. Aliyeshika mwenge katika kijiji kile, mara nyingi, hakuwa Mdachi. Hapa Rwanda nako, mwaka 1912, msafara wa kijeshi ulipelekwa kaskazini kumpiga Ndungutse na wafuasi wake, na nyumba zikawaka moto. Waliokwenda ni askari waliokuwa wakirudi nyumbani jioni kucheza na watoto wao.

Hata hivyo nilimwambia mwenzangu kwamba amechanganya mambo mawili: kutunza na kutukuza. Mtu anayetunza jembe la babu yake hasemi kwamba babu alilima vizuri. Na tena, ukiwafuta askari, hutawafuta peke yao. Utafuta na ushahidi wa yale waliyoyatenda. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji, na mengi tunayoyajua leo yalipatikana hivyo, vinywani mwa watu. Kama wazee wale wangalikufa mapema, tungalibaki na ripoti za Wadachi tu. Upande wa askari nao una wazee wake, lakini aliyekwenda kuwahoji ni nadra, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ameketi nao. Kwa hiyo tunajua maafisa waliamuru nini. Namna amri ile ilivyomkaa moyoni aliyeitekeleza hatuijui sana.

Dola walizozitumikia ndizo zilizowasahau kwanza. Ukifika Dar es Salaam utaiona sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 na Waingereza. Ni sanamu nzuri. Ina maandishi kwa lugha tatu, mojawapo ikiwa ni Kiswahili, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Wapagazi nao walipata Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao. Leo watu hununua vitunguu na nguo juu ya jina hilo pasipo kujua kwamba ni kaburi. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia wakiitumikia Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu alipewa jiwe lenye jina lake, Mwafrika akapewa kipande cha sanamu. Taarifa hiyo ilitoka zaidi ya miaka mia moja baada ya vita.

Kwa upande wa Wadachi kuna kisa ambacho walimu wa Kiswahili tungepaswa kukijua kuliko watu wengine wote, kwa sababu kinamhusu mwalimu wa Kiswahili. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani. Akiwa na umri wa miaka kumi tu aliingizwa jeshini, na mwaka 1917 akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akaambiwa amechelewa. Akafanya kazi ya kuwahudumia watu mezani, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliomba nishani ya askari wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kijiwe cha shaba cha kumkumbuka kiliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa Berlin mwaka 2007. Husen aliamini kwamba utumishi wake ni deni na kwamba deni hulipwa. Mwenzangu anayesema "vibaraka" na amwangalie mtoto huyu wa miaka kumi, aseme kama neno lile linamtosha.

Lipo na la Mwanza. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza, wazee wapatao 350 walijitokeza, na wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta mabaki ya sare. Ndipo mlipaji akapata hila: kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kidachi afanye gwaride la bunduki. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Mimi kisa hiki hunifurahisha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja. Hufurahisha, kwa kuwa mwili wa mzee umehifadhi kile ambacho ofisi imekipoteza. Lakini fikirini juu ya wake zao. Jeshi lile lilitembea na wanawake na watoto kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi. Wao ndio waliopika, waliobeba, waliozaa njiani, waliowauguza majeruhi. Na Novemba 1918, mabaki ya jeshi yaliposalimu amri Abercorn, walikuwapo. Mwanamke huyo, mume wake akiwa amekufa zamani, angeonyesha nini mbele ya mlipaji? Mkononi mwake ufagio ni ufagio tu.

Hapo sina budi kuvuka bahari kidogo, maana kuna watu waliotangulia kulishughulikia jambo hili na wakafanikiwa. Mwezi wa Julai 1846, Wamormoni wa Marekani, ambao walikuwa wamefukuzwa Illinois na wako njiani kuhamia magharibi, waliombwa na serikali watoe askari kwa vita dhidi ya Meksiko. Wanaume wapatao 500 wakajiandikisha. Walitembea kiasi cha kilometa 3,000 hadi San Diego, wakafika Januari 1847. Waliondoka pamoja na wanawake wapatao thelathini, wengine wakiwa wafuaji wa nguo za kikosi, na watoto wao. Na sehemu ya mishahara ilirudishwa kuwasaidia jamaa waliobaki katika mahema. Leo vitukuu wao wanaweza kukutajia askari mmoja mmoja kwa jina, na wanawake wengi pia. Je, walikuwa na mapenzi kwa wazee wao kuliko sisi? Siamini. Walikuwa na orodha za malipo zilizoandika majina, madai ya pensheni yaliyomlazimisha mjane aeleze aliolewa lini na wapi, na watu waliojua kuandika shajara wakiwa njiani. Halafu walikuwa na jumuiya iliyoona kwamba kumsahau mzazi ni kosa la dini, si uzembe tu. Nao pia walitumikia serikali ambayo haikuwalinda. Na vita ile haikuwa ya haki machoni pa Wameksiko. Hata hivyo waliandika. Ninachojifunza kwao ni kwamba kumbukumbu hukaa mahali palipoandikwa jina, na jina huandikwa mahali penye malipo. Bibi yetu wa Nyakabanda hakuwa na malipo. Alikuwa na kifungo.

Mwenzangu alipoona ameshindwa upande huo, alinijia na hoja nyingine, na hii ndiyo iliyonitia baridi. Alisema, "Umesahau uko wapi? Katika nchi hii, kuandika asili ya mtu kulikwisha kutuletea nini?" Nilinyamaza. Miaka ya 1930 Wabelgiji walitoa vitambulisho vilivyotaja kabila la kila mtu, na mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, karatasi ile ilisomwa vizuizini na watu wakauawa kwa neno moja lililoandikwa na karani. Hapa Nyamirambo na Nyakabanda watu wazima wote wanalijua hilo bila ya kufundishwa. Leo kitambulisho hakitaji kabila. Je, ni busara kuanza daftari jipya lisemalo huyu babu yake alikuja na Wadachi, huyu ni mjukuu wa Mnyamwezi, yule wa Msudani?

Sina jibu linaloimaliza hofu hii, wala sitaki kujidai ninalo. Naona tu kwamba kuna tofauti kati ya daftari la serikali na daftari la ukoo. Karani aliandika ili mtu abaki alipowekwa. Bibi anataka iandikwe ili mjukuu wake ajue alipotoka, kisha aende anakotaka. Kwa sababu hiyo nilikubali masharti mawili: daftari libaki kwake, lisiende kwa mtu mwingine yeyote, na asitajwe humo jirani ambaye hakuomba kutajwa. Walimu vijana hupenda kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika ukoo wao na kuileta darasani isomwe. Mimi nimeacha kufanya hivyo. Mtoto aandike, lakini kusoma mbele ya wenzake kuwe hiari yake, na asipoandika asipunguziwe alama.

Nirudi kwenye lile lililonikosesha usingizi. Nyanya yake hakuolewa. Alikuwa msichana mdogo wakati wa Maji Maji, akatekwa baada ya kijiji chao kuteketezwa, akagawiwa kama mbuzi anavyogawiwa. Aliyemchukua alimpa jina jipya, na jina lake la kwanza halijulikani tena na mtu yeyote duniani. Alifika Kigali akiwa nyuma ya msafara, kichwani amebeba sufuria. Mwezi wa Mei 1916, Wabelgiji walipoingia na askari wa Wadachi wakarudi nyuma kuelekea Tabora, yeye alikuwa na mtoto mgonjwa, akabaki. Mume hakurudi. Aliishi kambini kwa kuuza vitumbua, akazeeka, na alipokuwa akimsuka nywele mjukuu wake, ambaye ndiye bibi yetu, alimweleza yote haya kwa sauti ya chini. Kitu kimoja tu cha kwao alikikumbuka kwa jina lake: mto waliokuwa wakiteka maji, Luwegu.

Sasa, siri hii ni ya nani? Bibi alisema ni yake, kwa kuwa ni aibu ya nyumba yake. Naye ana wajukuu wanaooa na kuolewa. Heshima ya wazee ni jambo zito katika mila zetu, nami sikulelewa kumfundisha mtu mzima namna ya kuwataja wafu wake. Kwa hiyo mara ya kwanza niliona nifanye alivyoagiza. Lakini neno "alimwoa" lilinikaa kooni. Neno hilo lingemfanya yule msichana apotee mara ya pili. Kwanza alipokonywa jina, sasa angepokonywa na dhuluma aliyotendewa. Na mwandishi wa upokonyaji huo wa pili ningekuwa mimi, kwa Kiswahili safi. Nikakumbuka pia kwamba nyanya mwenyewe hakunyamaza. Angeweza kufa nalo. Alimchagua mtoto mmoja, akamwambia. Mwenye siri akiisha kuitoa, aliyeipokea ni mwekewa amana, na mwekewa amana hawi mwenye mali.

Kwa upande mwingine, je, mimi ni nani hata nimlazimishe? Mtafiti mwenye kalamu yake huweza kusema "ukweli, ukweli" kwa kuwa atarudi kwake jioni. Aibu hulala nyumbani kwa watu wengine. Nimewaona watu wa elimu wakija hapa na mashine zao za kunasa sauti, wakachukua, wasirudi hata kusema asante. Naogopa kuwa mmoja wao kuliko ninavyoogopa kuandika uongo. Mtaona kwamba mizani yangu haikutulia.

Basi nilifanya hivi. Niliandika habari zote katika karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ilisema alivyotaka bibi, isipokuwa neno "alimwoa" nililiacha, nikaandika "alikuja naye". Hilo ni kweli, wala halisemi zaidi. Ya pili iliandika alivyosimulia, neno kwa neno. Nilimpelekea zote mbili, nikamsomea, nikamwambia, "Bibi, hizi ni zako. Ukitaka kuichoma moja, mkaa upo hapo." Hakusema kitu. Aliniomba niisome tena ile ya pili, polepole. Nilipofika mwisho alikuwa amefumba macho, nami nikadhani amelala.

"Mwalimu," akasema, "mbona mto hukuutaja?"

Kweli nilikuwa nimeusahau. Nikatoa kalamu, nikauandika palepale pembeni ya karatasi, naye akanifanya nimtajie herufi zake moja moja. Kisha akazikunja karatasi zote mbili pamoja, akaziweka katika kijisanduku chini ya kifungo, akamwita yule kijana aje atutilie chai.